Mdomo unaokufa ganzi, na kibao kimoja cha miezi miwili

"Mwalimu, shikamoo. Napiga koneti ya pili katika bendi yetu ya matarumbeta, huu ni mwaka wa nne. Kila mazoezi, nusu saa haijaisha mdomo unakufa ganzi na noti za juu zinagoma kabisa. Kiongozi wetu ananiambia nipulize kwa tumbo, nami nasukuma tumbo mpaka linauma, lakini wapi. Sasa tumejiandikisha kwenye mashindano, na miezi miwili hii tunarudia kibao kimoja tu cha dakika 13. Je, mimi nina mdomo mbovu? Na haya mashindano yana faida gani kwa mtu kama mimi, au tunapoteza muda ambao tungejifunza nyimbo nyingine kumi?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeleta maswali mawili kana kwamba hayajuani. Mimi nimepuliza yufoniamu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, tangu utotoni, nimefundisha, na mara kadhaa nimekaa ndani ya kibanda cha waamuzi na penseli mkononi. Kwa ninavyoona, umeuliza swali moja. Kinachoua mdomo wako ndicho kinachozikosesha bendi nyingi alama. Ila tuanze na mdomo, maana ndio unaouma.

Koneti, hilo tarumbeta fupi, yenyewe haitoi sauti. Kinacholia ni midomo yako, inayotetemeka hewa inapopita katikati yake. Bomba linapokea mtetemo huo, linakubali noti fulani na kukataa nyingine. Ndiyo maana bila kubonyeza valvu hata moja unapata noti kadhaa, kama ngazi yenye vidato visivyolingana: vya chini vimeachana, vya juu vimebanana. Kuipanda ngazi hiyo ni kazi ya midomo, kwa sababu kila kidato kinaitaka itetemeke haraka zaidi. Pembe za mdomo zinakaza, tundu la hewa linapungua, hewa inakwenda kasi. Misuli inayofanya kazi hiyo hujengeka polepole, kama miguu ya mkimbiaji.

Anayeanza hana misuli hiyo bado, na noti ya juu imeshaandikwa mbele yake. Basi mkono unajitolea kusaidia. Unaivuta koneti kuelekea usoni, kile kikombe cha chuma tunachokiita kipulizio kinaibana midomo kwenye meno, na noti inatoka. Umeshinda! Kesho unafanya hivyohivyo, na baada ya mwaka mkono umezoea kufanya kazi ya mdomo. Lakini mdomo uliobanwa damu haipiti vizuri, na msuli usiopata damu hauwezi kuendelea. Unakufa ganzi, hautetemeki tena, nawe unaongeza nguvu ili utetemeke, na ganzi inazidi. Nusu saa uliyoitaja ni muda ninaousikia kwa wengi wanaobana.

Jichunguze hivi. Toa kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye ile kulabu iliyo juu ya koneti, kiache kielee. Kisha piga G iliyo kwenye mstari wa pili, panda mpaka C, halafu E iliyo juu yake. Kama noti zinakuja na kidole kikiwa kwenye kulabu na zinakukimbia kikitoka, basi umeshampata mwizi. Dalili nyingine ni alama ya duara inayobaki mdomoni muda mrefu baada ya mazoezi. Alama kidogo ni kawaida, kila mpulizaji anayo. Ikikaa mpaka kesho yake, hiyo si kawaida.

Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Louis Armstrong, na ukubwa wake wote, aliumiza mdomo kwa kupiga juu na kwa nguvu usiku baada ya usiku, hata madaktari wakalitumia jina lake la utani, Satchmo, kuita jeraha la kuchanika kwa msuli unaozunguka mdomo. Wewe hujafika huko, na kwa koneti ya pili si rahisi ufike, ila njia ni hiyohiyo.

Sasa hilo tumbo. Kiongozi wako ana nia njema, na kauli yake imerithiwa vizazi na vizazi, lakini imemchanganya mwanafunzi baada ya mwanafunzi. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hufanya kazi unapovuta pumzi. Unapopuliza, kinaachia, na misuli ya tumbo na mbavu ndiyo inayosukuma, tena kwa kiasi kile kile sauti inachohitaji. Ukilikaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, shingo nayo inakaza, koo linajifunga, na hewa inayofika mdomoni inakuwa haba. Mkono unaona hewa haitoshi, unabana. Umeona mduara unavyofungwa?

Mara nyingi kasoro iko kwenye kuvuta. Wapulizaji wengi huvuta pumzi ndogo, wamechelewa, mabega yamepanda masikioni, kisha wanaishikilia kidogo wakisubiri pigo. Huko kuishikilia ndiko kunakofunga koo. Kama noti yako inaanza pigo la kwanza, vuta pumzi katika pigo zima la nne, mdomo umeachama kama unasema "oo", na hewa igeuke yenyewe kutoka kuingia kuwa kutoka, bila kusimama, kama bembea inavyogeuka ikifika juu. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika Okestra ya Simfoni ya Chicago kuanzia 1944 hadi 1988, alifundisha wapulizaji wa kila chombo, na mafundisho yake yote yalizunguka mambo mawili: hewa inayotiririka, na sauti unayoiimba kichwani kabla hujaipuliza. Hakutaka mwanafunzi ahesabu misuli. Nami nimejifunza kumwamini. Mwanafunzi ninayemwambia "kaza hapa, legeza pale" huharibika mbele ya macho yangu, na yule ninayemwambia "imba kwanza, kisha puliza" hutengemaa bila yeye mwenyewe kujua kilichobadilika.

Dawa yenyewe utaiona ndogo mno: piga kwa sauti ndogo. Ndogo kuliko unavyofikiria. Ukipuliza kwa nguvu, hewa nyingi huilazimisha midomo itetemeke hata kama imekaa vibaya na imebanwa. Kelele inasitiri. Ukipuliza kama unanong'ona, midomo iliyobanwa haitetemeki. Inatoka "fff" tupu, halafu noti inaruka ghafla kama mlango uliokwama. Hiyo "fff" ndiyo inayokuonyesha ugonjwa. Herbert L. Clarke, mpiga solo wa koneti katika bendi ya Sousa, bendi maarufu ya Marekani, aliandika mazoezi yake maarufu yapigwe kwa sauti ndogo sana na kwa pumzi moja, na hakufanya hivyo ili kuwahurumia majirani.

Kwa hiyo kila siku, kabla ya kitu kingine chochote, chukua dakika 12. Anza na G ileile. Vuta pumzi kwa mapigo manne, anza noti kutoka kwenye ukimya bila kuipiga kwa ulimi, ishikilie mapigo nane, iache ife. Kisha teremsha koneti pajani kwa muda uleule uliopiga. Narudia hili kwa sababu kila mtu hulipuuza: pumzika kwa muda uleule uliopiga. Shuka nusutoni moja moja (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) mpaka chini, rudi katikati, halafu panda nusutoni moja moja. Noti ikianza kukataa, usiilazimishe. Ishia hapo, kesho itakuja yenyewe. Wiki mbili za kwanza utajiona umerudi nyuma, kwa sababu umemnyang'anya mkono kazi aliyoizoea na mdomo bado haujaimudu. Wengi hukata tamaa hapo.

Na neno moja kuhusu koneti ya pili. Bendi ya mashindano kwa mtindo wa Kiingereza ina wapulizaji 25 na wapiga ngoma juu yao. Kati ya hao, koneti za kawaida, za B bapa, ni tisa: nne za mbele, moja ya repiano (inayozisaidia za mbele), mbili za pili na mbili za tatu. Zile nne za mbele zinabeba wimbo na zinasikika zenyewe. Wewe uliye nyuma yao husikii koneti yako vizuri, kwa hiyo unaongeza sauti ili ujisikie, jirani yako anaongeza ili asifunikwe, na kufika nusu ya mazoezi safu nzima inapiga kelele katika wimbo ulioandikwa upigwe kwa upole. Naamini nusu ya ganzi yako inatoka hapo, wala si kwenye noti za juu. Sehemu za koneti ya pili hazipandi sana hata hivyo.

Hapo ndipo mashindano yanapoingia.

Fikiria mwamuzi anavyokaa. Katika mashindano mengi ya Kiingereza, na ya nchi zilizofuata mtindo huo, mwamuzi amefungiwa ndani ya kibanda au hema katikati ya ukumbi. Haoni jukwaa. Mpangilio wa bendi umepatikana kwa kura asubuhi ileile, naye hajui ni bendi gani inayopiga. Sare zenu na viatu vilivyong'arishwa havimfikii. Kinachomfikia ni sauti tupu, tena ya muziki uleule kwa mara ya kumi na mbili siku hiyo. Kwa mara ya kumi na mbili, nguvu haimshangazi mtu. Kila bendi inaweza kupiga kwa nguvu. Kinachomwinua kichwa ni bendi inayoingia sehemu ya polepole kwa sauti ndogo, watu wote kwa pamoja, bila "fff" na bila mmoja kuchelewa. Nikizipitia karatasi zangu za zamani, maneno yaliyojirudia kuliko yote ni "mwanzo wa noti haukuwa pamoja". Katika sehemu za kelele sikuwa nikiyaandika mara nyingi. Yalikuja pale ambapo watu 25 walitakiwa kunong'ona.

Kwa hiyo muziki wa mashindano unaidai bendi jambo lilelile ambalo mdomo wako unakudai. Katika tamasha la kawaida unaweza kupita miaka kumi hujawahi kuulizwa. Watu wanapiga makofi, mnapiga maandamano, harusi, sherehe, nje kwenye upepo, na kubana kwako hakuna anayekusikia. Kibao cha dakika 13 kilichoandikwa kwa makusudi ya kutafuta udhaifu kitakusikia.

Jambo la pili ambalo mashindano hulazimisha ni kulinganisha sauti, na hapa koneti ya pili ni mtu muhimu kuliko anavyojua. Zile noti za ngazi ya asili niliyoitaja hazilingani na za kinanda. Kidato cha tano, yaani E ya wazi bila valvu, huwa chini ya ile ya kinanda kwa karibu sehemu 14 kati ya 100 za nusutoni. Mpulizaji anayetazama mashine ya kutyuni anaona sindano imeshuka, anaivuta noti juu kwa mdomo (yaani anabana), na sindano inafurahi. Bendi haifurahi. Katika kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), hiyo E inatakiwa iwe chini kidogo. Ikiwa chini kodi inatulia na kung'aa, ikipandishwa inakwaruza. Na noti ya katikati ya kodi, kama hiyo E, mara nyingi sana hupewa nani? Koneti ya pili, au honi, au baritoni. Watu wa nyuma.

Upande wa pili wako noti zinazopanda mno. Valvu ya kwanza hushusha nusutoni mbili, ya tatu hushusha tatu. Ukizibonyeza pamoja ungetegemea tano kamili, lakini inapungua kidogo, na noti inakuwa juu. Sababu ni kwamba bomba la valvu ya tatu lilipimwa kwa koneti iliyo wazi, na sasa koneti imeshakuwa ndefu zaidi kwa ile ya kwanza. Urefu ulioongezwa hautoshi tena. Ukiongeza ya pili juu ya hizo mbili, hali inazidi. Ndiyo maana ile D chini ya mistari, na C kali (C iliyopandishwa nusutoni) iliyo chini yake zaidi, hupiga makelele katika kila bendi changa. Koneti nyingi zina pete kwenye bomba la valvu ya tatu ili ulisukume nje unapofika hapo. Lisukume! Nimekutana na wapulizaji wa miaka kumi ambao bomba hilo limeganda kwa kutu, nao wanailaumu koneti. Sisi wa yufoniamu tuna bahati: tangu 1874, David Blaikley wa kampuni ya Boosey, London, alipobuni mfumo wa mabomba ya ziada yanayojisahihisha, kwenye yufoniamu zenye mfumo huo kazi hiyo inafanyika ndani kwa ndani. Wa tromboni nao wanasogeza mkono tu, na hawana kisingizio chochote, ingawa hawakosi kukitafuta.

Miezi miwili ya kibao kimoja inaweza kuwa shule ya mambo haya, au inaweza kuwa upotevu mtupu. Inategemea mnavyoitumia. Kama kila mazoezi mnaanza mwanzo mnaishia mwisho, mnajipangusa jasho na kuondoka, basi malalamiko yako ni ya haki, na ningekuunga mkono mbele ya kiongozi wako. Bendi za namna hiyo hufika siku ya mashindano zikiwa zimezikariri kasoro zao. Lakini kama mnazichukua baa nane (yaani vipimo vinane vya muziki), mnazipiga polepole kwa sauti ndogo, kodi moja moja, tuba kwanza, kisha wengine juu yao, mtatoka na kitu ambacho mtakitumia katika kila wimbo utakaofuata, hata hizo nyimbo kumi unazozitamani.

Sitakuficha ubaya wake. Nafasi mliyopata haisemi sana. Nimekaa na mwenzangu katika kibanda kimoja, tukasikiliza bendi ileile, yeye akaiweka ya pili, mimi ya saba, na sote tulikuwa na sababu zetu. Kuna bendi zinazopiga vibao vya mashindano tu mpaka wasikilizaji wao wa kawaida wanazikimbia. Tabia ya kuazima wapulizaji hodari wiki ya mwisho na kuwaketisha waliojitahidi mwaka mzima ni ya zamani, na sheria za usajili wa wachezaji zipo kwa ajili hiyo. Niliwahi kuondolewa hivyo nikiwa kijana, siku nne kabla ya mashindano, na bendi ile sikuirudia. Kiongozi wako akikufanyia hivyo, una haki ya kukasirika.

Hata hivyo fikiria pia muziki wenyewe ulikotoka. Mashindano makubwa ya Belle Vue, Manchester, yalianza 1853 kwa bendi nane tu, na kwa miongo mingi baadaye bendi za wafanyakazi wa viwanda na migodi zilishindana kwa vipande vya opera vilivyopangwa upya. Mwaka 1913, kwenye mashindano ya taifa huko Crystal Palace, London, muziki wa mtihani ulikuwa kazi mpya ya Percy Fletcher iliyoandikwa kwa ajili ya bendi hasa. Mwaka 1928 akaja Holst, 1930 akaja Elgar, wote watunzi mashuhuri wa Kiingereza. Watunzi wa kiwango hicho waliandikia bendi za matarumbeta kwa sababu mashindano yaliagiza. Na Oktoba 1992, siku chache baada ya serikali ya Uingereza kutangaza orodha ya migodi ya makaa itakayofungwa, bendi ya mgodi wa Grimethorpe, mgodi ambao ulikuwa kwenye orodha hiyo, ilipanda jukwaa la Royal Albert Hall na kutwaa ubingwa wa taifa. Mgodi ulifungwa mwaka uliofuata. Bendi bado inapiga.

Turudi kwako. Mdomo wako si mbovu. Umefanyishwa kazi ya mkono. Kwa wiki zilizobaki, fanya zile dakika 12 kila siku, na kwenye mazoezi piga chini ya sauti unayodhani inahitajika mpaka uwasikie waliokaa mbele yako. Baa ambazo hupigi, teremsha koneti kabisa, usiiache imebanwa mdomoni ukihesabu. Kama kuna kifungu ambacho bado kinakushinda, kubaliana na mwenzako wa koneti ya pili mpokezane pumzi: wewe unavuta hapa, yeye baa mbili mbele. Bendi nzuri hufanya hivyo wazi, na hakuna mwamuzi anayeweza kuona.

Siku yenyewe usijichoshe nyuma ya jukwaa. Nimesikia bendi zikipiga kibao kizima mara mbili kwenye chumba cha kusubiri, kisha zikaja mbele yangu midomo ikiwa imekwisha. Dakika kumi za noti ndefu zinatosha. Mkisimamishwa kwenye korido ya baridi, chuma kitapoa na sauti itashuka. Puliza hewa ya moto ndani ya koneti bila kutoa noti, mara kwa mara, mpaka mnaitwa. Ukishakaa jukwaani mdomo utakauka kwa hofu, hilo haliepukiki. Uma ulimi taratibu pembeni, mate yatarudi.

Na wakikuletea ile karatasi ya mwamuzi, usikubali kusomewa jumla ya alama peke yake. Omba uishike mwenyewe. Tafuta aliandika nini pale kwenye sehemu ya polepole, baa ile ambayo wewe na mwenzako mna noti ya katikati, kisha uniandikie.